Nyuzi za Mjomba

Mjomba wangu hakuwahi kuitundika benjo yake ikiwa na sauti. Akimaliza kupiga, barazani kwake pale Kitai, barabara ya Lituhi inapoachana na ile ya Mbinga, alikuwa anazungusha vigingi vyote vinne mpaka nyuzi zinalegea kama kamba ya kuanikia nguo. Ndipo anaitundika juu ya mlango. Sisi watoto tulipanda kigoda tukaishusha mara nyingi akiwa shambani. Tulichoambulia ni mkwaruzo wa waya.

Benjo yenyewe aliitengeneza mwenyewe: galoni ya mafuta, shingo ya mti, na nyuzi za waya wa breki ya baiskeli uliofumuliwa. Alikulia Lituhi, kando ya Ziwa Nyasa, na alifundishwa na mvuvi mmoja wa ng'ambo, Malawi. Upigaji ule aliuita hauyani. Niliamini kwa miaka mingi kwamba hilo ni neno la Kinyanja.

Nilikuwa nimepita miaka thelathini, ninaishi Dar es Salaam, nilipogundua kwamba hauyani ni Hawaii. Santuri za magitaa ya Hawaii zilifika kusini mwa Afrika zamani za gramafoni, watu wakazipenda, jina likageuka vinywani mwao. Malawi hauyani ni kulegeza nyuzi zikubaliane, kisha kuteleza juu yake kwa chupa ndogo. Daniel Kachamba, mpiga gitaa wa huko aliyefariki mwaka 1987, aliupiga hivyo. Mjomba naye alikuwa na chupa ya dawa ya kikohozi. Ilipovunjika hakutafuta nyingine, akaendelea kwa vidole vitupu.

Kwa kufanya hivyo, bila kujua, alirudi nyuma zaidi. Hawaii kwenyewe vidole vilitangulia. Kuteleza kwa chuma kulianza miaka ya 1880, na kijana Joseph Kekuku ndiye anayetajwa sana kwa hilo. Lakini tangu miaka ya 1830 walikuwa wamefika wachunga ng'ombe kutoka Mexico, walioitwa kudhibiti mifugo iliyozagaa visiwani, nao walikuja na magitaa. Wenyeji wakayachukua, wakalegeza baadhi ya nyuzi mpaka ukizipiga zote bila kubana chochote zinatoa mlio mmoja uliokamilika. Dole gumba linatembea kwenye besi, vidole vingine vinaimba juu. Wanauita kī hōʻalu, yaani kulegeza. Kila familia ilikuwa na mlegezo wake, na ilikuwa siri. Wapo waliofungua nyuzi zote kabla ya kuliacha gitaa mahali, mgeni asije akaugusa akaujua.

Niliposoma hapo nilicheka peke yangu kama mwehu.

Nikanunua ukulele, kwa sababu ina nyuzi nne kama benjo ya Mjomba. Nayo ni mgeni aliyehamia Hawaii: ilizaliwa na vigitaa vidogo vya Wareno wa Madeira, walioshuka Honolulu mwaka 1879. Kuipiga kwa mtindo wa kulegeza si kazi kubwa kwa maelezo. Nyuzi zake ni G, C, E, A. Ile A unaishusha hadi G, basi, ukulele nzima inaitika C. Taabu ni besi. Uzi wa nne wa ukulele kwa kawaida una sauti ya juu, kwa hiyo dole gumba linakosa pa kukanyaga. Nilitafuta uzi mnene, nikaiweka G ya chini, na jioni ile nikapata kitu kilichofanana na baraza la Kitai. Kilifanana tu. Kulikuwa na uchungu fulani katika sauti ya Mjomba ambao wangu haukuwa nao, na nilijipa moyo kwamba ni waya wa breki.

Kisha ikaja simu kwamba amepata kiharusi. Upande wa kulia umelala, na maneno hayatoki.

Nilifika Kitai mchana, malori ya makaa ya mawe yakipita na vumbi lake. Nikampa shikamoo. Midomo ilijaribu marahaba, ikashindwa, akanipa mkono wa kushoto. Juu ya mlango palikuwa na msumari mtupu. Galoni ilikuwa imeliwa na kutu, mkewe aliniambia, watoto wakaitupa.

Nikatoa ukulele, nikampigia wimbo wake mmoja. Alisikiliza amefumba macho. Halafu akatikisa kichwa.

"Bado," alisema. Neno hilo lilitoka zima.

Nikaisogeza mapajani mwake, nikaishika shingo. Kwa mkono wa kushoto alipapasa vigingi, akapita cha kwanza, akashika cha E. Akakilegeza kidogo mno, akanipa ishara nipige, akakilegeza tena, kidogo kuliko mwanzo. Nilipopiga nyuzi zote nilisikia benjo. Uchungu ulikuwa pale, kwenye uzi mmoja. Niliwasha programu ya simu ya kupimia noti, mshale ukaning'inia katikati ya noti mbili, haukukubali jina lolote.

Tulikaa hivyo mpaka jua likatua, mimi napiga, yeye anarekebisha kwa kidole dole gumba langu likichelewa. Mkewe alisimama mlangoni na mwiko mkononi, hakusema kitu.

Nilipokwenda kunawa ili tule ugali, niliiacha ukulele juu ya mkeka. Niliporudi alikuwa ameiegemeza kwenye goti, anahangaika na kigingi cha mwisho. Nyuzi zote nne zilikuwa zimelala. Aliniangalia, nusu ya mdomo wake ikacheka.

Nikaketi, nikaanza kukaza.