Matundu Manne

Kame yangu ya kwanza niliichonga kwa tupa mwaka 2004, nimekaa chini ya mwembe wa kiwanja chetu, mtaani Katuba. Ilikuwa ya injini ndogo ya silinda moja niliyoiunda kwa vyuma chakavu. Kame ni ile nundu ya shafti inayoinua valvu na kuiachia ishuke. Shafti yake huzunguka mara moja wakati krenki inazunguka mara mbili, hivyo kosa la digrii moja kwenye kame ni digrii mbili kwenye krenki. Sikulijua hilo. Nilichora umbo la yai, nikafuata mstari kwa jicho. Injini iliwaka, ikagonga vibaya, na dakika chache baadaye springi ya valvu ikakatika.

Mzee aliyenifundisha, niliyemwita Papa, alikuwa ametoka kazini mwaka uliotangulia, pamoja na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni ya madini ya Gécamines walioondoka kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Aliigeuzageuza kame yangu juani, akasema: «Mwana, mukono yako inajua chuma, lakini haijue degre.»

Akanipeleka mtaa wa Kenia kwa rafiki yake mwenye mashine ya freza. Siku ile nilielewa jambo ambalo hadi leo linanisisimua. Kisukumizi cha valvu ya injini yetu kina uso bapa, na kisu cha freza nacho hukata bapa. Basi kisu kinasimama palepale pa kisukumizi. Unaizungusha kame digrii mbili, unashusha kisu hadi kimo ambacho kisukumizi kinapaswa kuwa nacho kwenye digrii hiyo, unakata, unasonga mbele. Kame inashikwa na kichwa cha kugawia, kifaa cha kuigeuza kwa vipimo: mpini wake ukizunguka mara moja, kame inageuka digrii 9. Kwenye sahani yake yenye duara la matundu 18, kuusogeza mpini matundu manne ni digrii mbili kamili. Nundu yetu ilienea digrii 116 na kimo chake kilikuwa milimita 2.5 tu. Mikato 58.

Papa alinisomea vimo alivyovikokotoa usiku kwenye daftari la shule, mimi nikihesabu matundu. Kwenye mkato wa 41 nilihesabu matano. Kisu kikakata mahali pasipo pake. Papa hakunikaripia; alifungua koleo, akafunga chuma kingine, tukaanza tena kutoka mkato wa kwanza.

Jioni tulizisawazisha zile pande ndogondogo kwa tupa laini na jiwe. Kisha tukaizika kame ndani ya kasha la chuma lililojaa makaa yaliyopondwa, makaa yaleyale ya kupikia bukari, ugali wetu, tukaliweka kwenye moto mwekundu kwa saa nne ili ngozi ya chuma inywe kaboni, halafu majini. Injini ilipowaka haikugonga.

Leo vijana wangu wanakokotoa jedwali la vimo kwa simu, nusu digrii kwa nusu digrii, na mashine ya kompyuta inakata kame kabla chai haijapoa. Jedwali lao ni bora kuliko letu, nami nalitumia kwa furaha. Ila kila mwanafunzi mpya namwanzisha kwenye kichwa cha kugawia, ahesabu matundu kwa kidole.

Daftari la Papa ninalo. Pembeni mwa vimo kuna alama ya wino kwa kila mkato uliokamilika. Kwenye mstari wa 41 alama zinakoma, na juu kabisa ya ukurasa, kwa wino mwekundu, zinaanza nyingine.