Saa ya Baba Mdogo na Cheti Chake cha Dhamana

Wengi wetu tukinunua kitu cha thamani na kupewa cheti cha dhamana, hukitia cheti sandukuni na kustarehe, tukidhani kwamba likitokea lolote, mwenye kiwanda atalitengeneza bure. Mimi nami nilidhani hivyo, ingawa ni karani wa parokia, mtu ambaye kazi yake ni kuandika vyeti. Nataka kuwasimulieni jinsi nilivyofundishwa, kusudi mwingine asipate aibu niliyoipata.

Baba yangu mdogo ni fundi wa mitambo ya meli, na kazi yake iko Maskati, nchi ya Oman. Mwaka 2021 alinunua huko saa ya mkononi ya Uswisi, saa ya fahari isiyotumia betri. Jina la kiwanda silitaji, maana kosa halikuwa lao. Mwaka 2024 alikuja nyumbani kwa likizo ya miezi mitatu, apate kujenga nyumba. Siku mafundi walipoanza kuchanganya saruji, aliniita, akaivua saa ile, akaniambia:

"Mwanangu, shika. Sitaki vumbi la saruji liiguse. Tena uivae kila siku, maana ukiilaza itasimama. Kifundo hiki cha pembeni, ukikivuta kusogeza mishale, ukimaliza kirudishe ukikaze kama parafujo. Kisipokazwa ni sawa na mlango ulio wazi. Usiiweke juu ya spika ya redio, kwa sababu ya sumaku. Na mtu asiifungue."

Nikajibu, "Ndiyo, baba." Akanipa na bahasha yenye cheti.

Labda mtauliza, saa gani hiyo yenye masharti kama mgonjwa? Ndani yake mna kamani iliyokunjwa, na kamani hiyo ndiyo nguvu yake. Mna na kipande cha chuma kizito kinachozunguka mkono unapotembea, nacho huikaza kamani. Ndiyo sababu mvaaji hahitaji kuitia ufunguo kila siku. Halafu mna gurudumu dogo linalokwenda huku na huku, lenye kamani nyingine nyembamba kama unywele. Katika saa nyingi za siku hizi gurudumu hilo hupiga mara 8 kila sekunde, yaani mara 691,200 usiku na mchana, bila kupumzika. Viungo vyote hupita 100, na vile vinavyozunguka hutiwa mafuta kidogo sana, pungufu ya tone.

Hata hivyo saa hiyo si malaika. Huko Uswisi kuna shirika liitwalo COSC, ambalo huzipima mashine za saa kwa siku 15. Mashine ikichelewa kwa wastani usiozidi sekunde 4 kwa siku, au ikiwahi usiozidi sekunde 6, katika kipimo hicho imefaulu. Saa ya betri ya bei nafuu inayouzwa mnadani huenda barabara kuliko hiyo! Mwenye saa ya kamani hununua kazi ya mikono ya watu, na kitu ambacho kikitunzwa mjukuu atakivaa.

Basi, asubuhi moja nilisikia redio ikitangaza saa moja kamili, nikaona saa ya baba mdogo imewahi kwa dakika mbili. Nikavuta kifundo, nikasogeza mishale. Mara mtoto akapiga kelele nje kwamba mbuzi wameingia katika mahindi. Nikakirudisha kifundo ndani kwa kidole, nikatoka mbio, sikukikaza. Siku hiyo nilikwenda kigangoni kwa baiskeli, na wakati wa kurudi mvua kubwa ilinikuta njiani. Jioni nilipoitazama saa, niliona mvuke chini ya kioo.

Nyumba ya baba mdogo haifiki hatua 300 kutoka kwangu. Mke wangu aliniambia, "Mwenzangu, kamwambie leo hii." Sikwenda. Niliifukia saa katika mchele siku mbili, kama watu wasemavyo. Mvuke ukaondoka kiooni, nikafurahi. Sikujua kwamba unyevu uliotoka kiooni ulikuwa umekwisha kuuma chuma ndani. Baada ya juma moja saa ilichelewa dakika tano kwa siku, kisha kumi, kisha ikasimama kabisa.

Hapo nikafanya kosa la pili. Nilimpelekea mzee mmoja anayetengeneza saa katika kituo cha mabasi. Aliifungua mgongo, akapuliza, akatia mafuta, ikatembea. Lakini aliniambia kweli: "Kijana, ndani mna kutu. Vipuri vya saa hii sina, na chombo cha kupimia kama maji yanaingia sina. Mrudishie mwenyewe." Nikamlipa, nikaondoka kama mtu asiyesikia. Ilitembea siku kumi na moja, ikasimama tena.

Usiku ule nikaikumbuka bahasha. Nikasoma: dhamana ya miaka mitano tangu siku ya kununuliwa, popote duniani. Nikahesabu, hata miaka minne haijatimia! Nikalala usingizi mzuri. Juma lililofuata nilikuwa na safari ya Dar es Salaam kununua vitabu vya parokia, nikaenda katika duka la wakala.

Dada aliyenipokea alisoma cheti kwanza: namba ya saa, tarehe, mhuri wa muuzaji. Vyote vilikuwa sawasawa, nami nikajisifu moyoni. Kisha akavaa kioo chake cha jichoni, akaigeuza saa, akaniuliza kwa upole, "Kaka, saa hii imewahi kufunguliwa na fundi mwingine?"

Nikasema, "Haijafunguliwa."

Hakubishana nami. Alinipa kile kioo, akanionyesha mikwaruzo mipya ya chombo kwenye kifuniko cha mgongo. Mimi, ambaye kutwa huwaambia watu kwamba cheti chenye neno la uongo si cheti, nilisimama pale na uongo wangu mkononi mwa mtu mwingine. Nikamwomba radhi, nikamweleza yote tangu mbuzi.

Naye akanieleza dhamana ni nini, na maneno hayo ndiyo nataka myashike. Dhamana huangalia kosa la kiwanda tu: chuma kibovu, kiungo kilichotengenezwa au kufungwa vibaya. Haiangalii mkanda uliochakaa, wala mikwaruzo, wala kioo kilichovunjika, wala saa iliyoanguka, wala maji yaliyoingia kwa uzembe wa mvaaji. Na ikifunguliwa na fundi asiyeidhinishwa na kiwanda, dhamana huanguka.

Tena kuna jambo ambalo wengi hatulijui: kuihudumia saa si sehemu ya dhamana. Mafuta hukauka na mipira ya kuzuia maji huchakaa hata kama saa haikuharibika. Kwa hiyo baada ya miaka kadhaa fundi huivunja yote, akaosha kila kiungo, akabadilisha vilivyolika, akatia mafuta mapya, akaipima mwendo ikiwa imelala na ikiwa imesimama, kisha akapima kama inaingiza maji. Rolex na Omega, kwa mfano, zote hutoa dhamana ya miaka mitano. Rolex tangu mwaka 2015, na Omega tangu mwaka 2018. Lakini Rolex hushauri saa ihudumiwe kila baada ya miaka 10 hivi, na Omega kila baada ya miaka 5 hadi 8. Basi dhamana humalizika kabla ya wakati wa kuhudumia au karibu nao, na gharama ni ya mwenye saa.

Nikauliza gharama ya saa yetu. Akaitaja. Ilipita mshahara wangu wa miezi mitano.

Nilirudi nyumbani zikiwa zimebaki siku tisa baba mdogo aondoke. Nilimkuta amekaa juu ya rundo la matofali. Nikamwamkia, nikamwekea saa magotini, nikasema yote: kifundo, mvua, mchele, mzee wa kituoni, na uongo wangu wa dukani. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema:

"Mvua ni mvua. Kama ungalikuja siku ile ile, ningaliipeleka mjini mara moja, fundi akaifungua na kuikausha kabla haijashika kutu, na gharama ingalikuwa ndogo. Hukuharibu saa kwa mvua, mwanangu. Umeiharibu kwa kunyamaza."

Sikuwa na la kujibu. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Aliondoka nayo Maskati, ikatengenezwa huko kwa fedha yake, akapewa dhamana mpya ya miaka miwili kwa kazi ile. Hakunidai hata senti. Lakini mimi na mke wangu tulikubaliana kwamba tutamrudishia kidogo kidogo kila mwezi, na cherehani aliyokuwa ameahidiwa mke wangu ikangoja. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana yeye ndiye aliyeniambia niende siku ya kwanza.

Basi, ndugu zangu, awe na saa, au redio, au mashine ya kusaga, afanye haya. Asome cheti siku ya kununua, wala asingoje siku ya kuharibika. Ahakikishe kwamba tarehe, namba na mhuri vimeandikwa. Asimpe fundi mwingine akifungue kitu kabla ya kumwuliza wakala. Aweke akiba ya kukihudumia, kwa kuwa cheti hakitamlipia. Na kama kitu ni cha kuazimwa, kikiharibika aende kwa mwenyewe jioni ile ile, hata kama mvua bado inanyesha.

Mwezi uliopita baba mdogo alinipigia simu, akaniambia saa inakwenda vizuri. Akaniuliza kama cherehani imekwisha kununuliwa. Nikamjibu, "Bado, baba, imebaki miezi minne." Akacheka, akasema nimsalimie mkwewe.