Mama aliniuliza swali la msimamizi wangu

Wazazi wenzangu na wanafunzi wa darasa la Jumamosi,

Kwa miaka mitatu mama yangu aliponiuliza kwa simu kutoka Pangani ninasoma nini huku Kanada, nilimjibu neno moja: "Kemia." Naye akisema, "Haya, Mungu akujaalie," kisha tunahamia kwenye habari za mvua na wagonjwa. Maneno ya kazi yangu nilikuwa nayo kwa Kiingereza tu. Kila nilipojaribu kuyageuza nilikwama, nikaona afadhali ninyamaze. Hali hiyo mnaijua hata ninyi: mtoto anashika simu, "Shikamoo Bibi," halafu kimya.

Ramadhani iliyopita niliamua kumweleza. Nilipopiga simu alikuwa anakoroga uji wa futari, nikaanzia hapo hapo.

"Mama, wanga ulio ndani ya huo uji ni vijisukari vidogo mno, vinaitwa glukosi, vimeshikana kama shanga. Kuna nyuzi ndefu, karibu hazina matawi: amilosi. Na kuna amilopektini, yenye matawi juu ya matawi kama mwembe. Mimi natafuta umbo la huo mwembe ukishayeyuka. Matawi yametanuka, au yamebanana?"

"Unayaona?"

"Hayaonekani, ni madogo mno. Kwa hiyo nayafunga taa."

Taa hizo ni molekuli za pirini. Ukiimulika pirini kwa mwanga wa urujuanimno, inang'aa zambarau. Lakini iliyomulikwa ikikutana na pirini nyingine kabla haijazimika, huungana kwa muda mfupi sana na kutoa rangi tofauti, buluu inayoelekea kijani. Theodor Förster na mwenzake Kasper walilieleza jambo hili mwaka 1954. Basi nafunga pirini chache huku na huku kwenye wanga, namulika, napima rangi zote mbili. Ile ya kijani ikizidi, taa ziko jirani, matawi yamebanana. Zambarau ikizidi, yako mbalimbali. Yote hayo hutokea katika muda usiofika sehemu moja ya milioni ya sekunde.

Mama alinyamaza, nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Sasa mwanangu, hizo taa ukishazifunga, haziuvuti huo mti? Utajuaje umbo ni lake, si la taa zako?"

Swali hilo hilo msimamizi wangu aliniuliza mwaka wa kwanza, mbele ya watu, nami sikuwa na jibu. Pirini haipendi maji. Ndani ya maji taa zingekimbiliana zenyewe na kutudanganya. Ndiyo maana tunauyeyusha wanga katika kimiminika kiitwacho dimethili salfoksaidi, ambacho pirini hukaa ndani yake bila tabu. Tena tunatengeneza sampuli kadhaa, nyingine zina taa chache, nyingine nyingi, tuone kama majibu yanakubaliana.

"Hapo sawa," alisema Mama. "Ila hicho kimiminika kitafutie jina fupi."

Siku ile niliona haya. Miaka mitatu nilidhani Kiswahili hakitoshi, tena nilidhani Mama hataelewa. Yote mawili nilikuwa sijayajaribu. Sasa kila Ijumaa, kabla ya habari za mvua, ananiuliza, "Taa zimesemaje?"

Wanafunzi, wiki hii mkiongea na bibi au babu, msiishie kwenye shikamoo. Mwelezeni jambo moja mlilosoma shuleni kwa Kiingereza, liwe la hesabu, historia au sayansi. Mkikosa neno, tumieni la jikoni, au muulizeni yeye. Nasi wazazi tukae karibu, lakini tusimjibie mtoto. Akikwama, tumwache akwame kidogo. Bibi yupo, atamngoja.