Tafuta Ugonjwa Kabla ya Kununua Dawa

Katika mali yote aliyo nayo mkulima, hakuna inayomtia mashakani kama gari kuukuu la mizigo. Ng'ombe akiugua hukataa majani, na shamba likichoka mahindi hugeuka manjano; lakini pikapu huweza kuugua huku ikiendelea kwenda sokoni na kurudi, ikitetemeka na kukohoa njiani, hata mwenyewe akakizoea kikohozi hicho na kukihesabu kuwa ndiyo sauti yake ya asili. Hatimaye siku moja hukataa kupanda kilima, na maziwa yaliyomo nyuma huchacha juani. Hapo ndipo mwenye gari huanza kutafuta fundi, na mara nyingi hapo ndipo huanza pia kupoteza fedha.

Fedha hizo hazipotei kwa sababu mafundi wote ni wadanganyifu. Sababu kubwa ni desturi ya wenye magari wenyewe. Mtu hulipia plagi mpya bila manung'uniko, kwa kuwa plagi huiona kwa macho na kuishika mkononi. Lakini fundi akitumia saa mbili kuchunguza, kisha akasema, "Hapana cha kununua, nimerekebisha tu skrubu hii," mwenye gari huona kama ameibiwa. Basi fundi naye hujifunza njia ya kupata chakula chake. Huacha kutafuta sababu, akawa muuzaji wa vipande: leo plagi, kesho koili, kesho kutwa kabureta. Kipande cha nne kikibahatika kuponya, vile vitatu vya kwanza vimekwisha kulipiwa bure.

Ili kuepuka hasara hiyo, yafaa kujua mambo machache kuhusu kazi ya injini ya petroli. Kila silinda huhitaji vitu vitatu: mchanganyiko wa petroli na hewa kwa kiasi kinachofaa, cheche ya umeme kwa wakati wake, na mkandamizo, yaani pistoni iweze kuubana mchanganyiko ule kwa nguvu bila kuvuja. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 800 kwa dakika, kila silinda hupaswa kuwaka mara 400 katika dakika hiyo. Silinda moja ikikosa kuwaka, robo ya kazi hupotea, na zile tatu zilizobaki husukuma bila mpango, mfano wa watu wanne waliobeba jeneza na mmoja akalegeza bega. Mtetemeko anaousikia dereva ndio huo. Kwa hiyo swali la kwanza si "Tununue nini?" bali ni hili: je, silinda zote zinaugua, au ni moja tu? Na iliyougua imekosa kitu gani katika vile vitatu?

Kisa cha mkulima mmoja wa Nyandarua chaonyesha faida ya maswali hayo. Alikuwa na pikapu ya Peugeot 504, gari la namna ambayo wakulima wengi wa Kenya waliiamini kwa miaka mingi. Imani hiyo ilikuwa na sababu zake. Peugeot 404, iliyotokea mwaka 1960, ilishinda mashindano ya magari ya Safari katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968; nayo 504, iliyoifuata mwaka 1968, ilishinda mwaka 1975 na mwaka 1978. Mkulima huyu aliitumia pikapu yake kila asubuhi kupeleka maziwa, yake na ya majirani, kwenye kituo cha kukusanyia. Maziwa yakichelewa hayapokewi, na jirani ambaye maziwa yake yamemwagwa hatazami tena uso wa mwenye gari kwa furaha.

Injini ilipoanza kutetemeka, fundi wa kwanza aliinama, akasikiliza kitambo kidogo, akasema, "Plagi." Plagi nne zikanunuliwa, wala mtetemeko haukuondoka. Fundi wa pili akasema, "Kabureta imekufa, mzee. Tafuta nyingine." Bei ya kabureta ilizidi malipo ya maziwa ya mwezi mzima. Mkulima akakumbuka karo ya watoto shuleni, akaomba apewe muda wa kufikiri.

Fundi wa tatu alikuwa mtu mzima, ambaye wateja wengi walimlalamikia kuwa ni mpole mno kazini. Badala ya kufungua sanduku la spana, aliuliza:

"Hutetemeka wakati gani, bwana?"

"Asubuhi ikiwa baridi haina neno, fundi. Ikishapata moto ndipo huanza."

"Na ikienda mbio?"

"Mtetemeko hupungua, ila kilimani nguvu hakuna."

"Kabla ya hapo ulisikia kelele yoyote mpya?"

"La. Tena siku hizi imetulia. Zamani valvu zilikuwa zikigonga, sasa zimenyamaza kabisa."

Fundi aliitikia kwa kichwa, wala hakusema neno zaidi.

Maswali hayo hayakuwa ya kupitisha wakati, maana kila ugonjwa wa injini una saa yake. Gari linalosumbua asubuhi zenye ukungu au baada ya kuoshwa, kisha likapona jua likipanda, aghalabu lina unyevu katika kifuniko cha distributa au katika waya za plagi, au kifuniko chenyewe kina ufa mwembamba kama unywele. Linalotetemeka likiwa limesimama, kisha likatulia kabisa likienda mbio, mara nyingi linavuta hewa ya wizi kupitia gasketi iliyo kati ya kabureta na injini. Maji kidogo yakinyunyiziwa kwenye maungio hayo, na sauti ya injini ikabadilika, mwizi amejulikana. Linalokwenda vyema mahali tambarare lakini likakata pumzi kilimani huenda linakosa petroli, kwa sababu ya chujio lililoziba au pampu iliyochoka. Na lile linalozimika likipata moto, kisha likawaka tena baada ya kupumzika, yafaa lipimwe koili na kondensa.

Katika nchi ya milima liko jambo jingine la kukumbukwa. Sehemu nyingi za Nyandarua zimepita mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi, kadiri ya robo tatu tu ya ile ya Mombasa. Kabureta iliyopimwa pwani, ikipandishwa huko, hutoa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Injini hutoa moshi mweusi, na plagi hupakaa masizi makavu. Kwa hiyo plagi kuukuu isitupwe kabla haijasomwa. Yenye rangi ya kahawia iliyofifia yatoka katika silinda yenye afya. Yenye masizi makavu imepata petroli kupita kiasi. Yenye utelezi wa mafuta mazito yaeleza kuwa oili ya injini inapanda. Na iliyo nyeupe kama jivu imeungua kwa joto kubwa.

Petroli yenyewe pia haina budi kushukiwa. Kwa muda mrefu wako wauzaji waliochanganya petroli na mafuta ya taa kwa tamaa ya faida, hata mwaka 2018 Serikali ya Kenya ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuuzuia mchezo huo. Injini iliyonyweshwa mchanganyiko huo hugonga ikipanda kilima, tena huwa nzito. Gari likianza kuugua siku ileile lilipojazwa petroli, dereva na akumbuke alijaza wapi.

Fundi wa Nyandarua aliiwasha injini, akaiacha ipate moto hadi mtetemeko ukaanza. Kisha, kwa koleo yenye mpini wa mpira, alizichomoa waya za plagi moja baada ya nyingine na kuzirudisha. Alipochomoa ya kwanza, injini ililegea. Ya pili vivyo hivyo. Alipochomoa ya tatu, hapakuwa na tofauti yoyote, maana silinda ile haikuwa ikifanya kazi tangu mwanzo. Ya nne ikalegeza tena. Basi mgonjwa alikuwa mmoja, naye amepatikana. Kabureta hiyo iliwalisha wote wanne. Kama ingekuwa imekufa, haingemnyima mmoja na kuwashibisha watatu. Kwa jaribio hilo dogo, fedha za kabureta zilibaki mfukoni.

Hapa yafaa kutoa maonyo mawili. Jaribio hilo ni la magari ya zamani yenye distributa na pointi. Katika magari yenye mitambo ya elektroniki, kuchomoa waya injini ikizunguka huweza kuharibu mitambo na kumpiga mtu kwa umeme mkali. Pili, magari mengi huhesabiwa silinda kuanzia mbele, lakini Peugeot hizi huhesabiwa kuanzia nyuma, upande wa giaboksi. Asiyejua hilo huweza kuzirudisha waya mahali pasipo pake, na kuongeza ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza.

Fundi aliibadilisha plagi ya silinda ya tatu na ile ya silinda ya pili. Ugonjwa haukuhama. Akabadilisha waya. Ugonjwa haukuhama. Cheche ilikuwapo, petroli ilikuwapo. Kilichobaki ni mkandamizo. Akaondoa plagi zote, akaingiza kipimo chake katika kila tundu, na mkulima akakanyaga petroli hadi mwisho huku akizungusha injini kwa stata. Silinda tatu zilifika karibu na 8 katika kipimo hicho. Ya tatu ilifika 5 tu. Fundi akatia kijiko kimoja cha oili katika tundu lake, akapima tena. Kama kipimo kingepanda sana, ringi za pistoni ndizo zingekuwa zimekwisha, kwa kuwa oili huziba nafasi zake kwa muda. Hakikupanda. Basi hewa ilikuwa ikivuja juu, penye valvu.

"Tungoje ipoe," akasema fundi, akaketi kivulini.

Injini ilipopoa, akafungua kifuniko cha valvu. Valvu ya kutolea moshi ya silinda ya tatu haikuwa na nafasi yoyote. Kwa desturi, kati ya mkono unaoisukuma valvu na ncha ya valvu huachwa uwazi mdogo, sehemu tu ya milimita, kama kitabu cha gari kinavyoagiza, kwa sababu chuma kikipata moto hurefuka. Uwazi huo ukiisha, valvu ikipata moto haiwezi tena kufunga. Ndiyo maana gari lile lilikuwa zima asubuhi na gonjwa baadaye. Ndiyo maana pia kelele ilikuwa imekoma. Mkulima alifurahia ukimya ule, kumbe ndio uliokuwa ukimwonya. Valvu inayogonga kidogo imepata nafasi ya kufunga. Iliyonyamaza ghafla ni ya kuogopwa. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Fundi alirekebisha uwazi wa valvu zote nane, akapima upya. Silinda ya tatu ikapanda hadi 7 na nusu. Injini ikawashwa, ikaachwa ipate moto, ikatulia. Hakuna kipande kilichonunuliwa. Lau mkulima angenunua kabureta na kuendelea na safari zake, gesi za moto zingepita pembeni ya valvu ile isiyofunga hadi ziunguze ukingo wake, na hapo hapangekuwa na la kufanya ila kushusha kichwa cha injini. Kazi hiyo ni ya siku nyingi, na siku hizo zote maziwa ya majirani yangekosa mchukuzi.

Valvu hupoteza nafasi yake polepole, kwa jinsi inavyozama katika kiti chake. Katika baadhi ya injini za zamani, risasi iliyokuwa ndani ya petroli ilisaidia kulinda viti hivyo. Petroli ya namna hiyo iliondolewa Kenya kufikia mwaka 2006, kwa sababu nzuri, maana risasi hudhuru afya ya watu na hasa ubongo wa watoto. Mwenye gari la miaka ile na apime uwazi wa valvu mara kwa mara, asingoje mtetemeko.

Siku ile mkulima alipouliza gharama, fundi alitaja malipo ya nusu siku. Mkulima alisita kidogo, akitazama mikono mitupu ya fundi, isiyo na kipande chochote cha kuonyesha. Kisha akakumbuka bei ya kabureta, akalipa.

Kusita huko ndiko kunakopaswa kuondoka mioyoni mwa wenye magari. Mgonjwa akienda hospitali hamlaumu daktari kwa kumpima kabla ya kumpa dawa. Kila mwenye pikapu na aweke daftari ndogo garini, aandike siku ugonjwa ulipoanza, hali ya hewa, mahali alipojaza petroli, na kama injini ilikuwa baridi au moto. Daftari hiyo ni bei ya vikombe viwili vya chai, nayo humpunguzia fundi saa nzima ya kubahatisha. Naye fundi anayetaja kipande cha kununua aulizwe kwa heshima, "Umejuaje?" Akiwa na jibu, alipwe kwa moyo mweupe. Akikosa jibu, kipande hicho kibaki dukani.