Nilinunua Taa, Nikapoteza Sauti ya Bibi

Ndugu msomaji, ikiwa nawe ni mfanyakazi ambaye mshahara wake humalizika kabla ya mwezi, na jioni unatafuta kazi ya pili ya kuziba pengo, keti kidogo nikusimulie kisa changu. Mimi hupiga video katika arusi na misiba, hapa mjini Bukoba na kule nyumbani Muleba. Siku za juma nimo ofisini, Jumamosi nimo uwanjani na kamera, na usiku nimo mbele ya kompyuta nikikata na kuunga picha. Ni kazi ya halali, na imenisaidia kusomesha watoto. Lakini siku ya kwanza nilipokwenda kununua kompyuta ya kazi hiyo nilinunua kwa macho, na macho hayo yalinigharimu kitu ambacho fedha haiwezi kukirudisha.

Wenye umri wangu wanazikumbuka enzi za kanda na deki. Aliyetaka kuhariri aliunganisha deki mbili, moja ikicheza na nyingine ikirekodi, na kila nakala ilikuwa hafifu kuliko ile iliyoizaa. Hata hivyo, kanda ya kwanza ilibaki kabatini. Siku hizi hakuna kanda. Picha ni faili, na kadi ya kamera hufutwa Jumapili ili itumike tena Jumamosi ijayo. Usipoyajua mahali zinapolala faili zako, umebeba maji kwa pakacha.

Mwaka 2019, mimi na mke wangu tulikuwa tumeweka shilingi milioni moja na laki mbili kwa ajili ya mabati. Nilimsihi mabati yasubiri. Alikubali kwa shingo upande, nami nikarudi na mashine yenye ubavu wa kioo na feni zenye taa za rangi saba. Muuzaji alinisifia kadi ya picha, nami nikaitikia kila neno kama mwanafunzi. Sikuuliza habari za kichakataji, wala sikuuliza diski ilikuwa na umri gani. Ndani mlikuwa na diski moja tu ya zamani, na humo ndimo nilimoweka kila kitu: mfumo, programu na kazi za wateja. Fedha ya kununulia betri ya akiba haikubaki. Watoto wa jirani walikuja usiku kutazama taa, nami nikajiona bwana mkubwa.

Baada ya miezi kadhaa nilialikwa kurekodi arusi moja huko Kamachumu. Kabla ya biarusi kutoka kwao, bibi yake mzaa baba aliinuka bila kuitwa na mtu. Hakutaka kipaza sauti. Alimshika mjukuu mikono yote miwili, akaanza kumtajia kwa Kihaya, polepole, majina ya wanawake waliopata kulilima shamba lile la migomba na kahawa kabla yake, mmoja baada ya mwingine, kisha akampa baraka. Uwanja mzima ulinyamaza, hata wapishi. Mimi nilikuwa hatua tatu tu kutoka kwake na kamera yangu.

Jumapili nilihamisha picha kwenye kompyuta na kuzifuta kadi. Jumatano usiku mvua ilinyesha. Unaijua mvua ya Bukoba, ndugu msomaji. Mji wetu hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na radi za ziwani hazibishi hodi. Umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena, mashine ikiwa katikati ya kazi. Asubuhi nilipoiwasha, zile taa za rangi ziliwaka vizuri sana. Diski ilitoa mlio kama panya atafunaye mbao, kisha ikanyamaza. Fundi niliyempelekea aliigeuza mikononi, akanitazama kwa huruma na kusema, "Ndugu yangu, hii tuizike."

Nilibakiwa na picha za kamera ya pili tu, iliyoshikwa na kijana niliyemwajiri kwa siku moja. Alikuwa amerekodi keki na foleni ya chakula.

Nilipanda basi hadi Kamachumu kurudisha fedha. Baba wa biarusi alizikataa. Aliniambia kwa upole, "Mwanangu, mama bado yupo. Njoo siku moja umketishe barazani, aseme tena." Niliahidi kuja mwezi huo huo. Kazi zikanizidi, nikasema mwezi ujao. Haikupita miezi mitatu, bibi akafariki dunia. Mzee alinipigia simu siku ya pili ya matanga. Hakunilaumu. Aliuliza tu, "Hata sauti yake haikubaki mahali?" Nilimjibu kwamba haikubaki.

Kwa muda mrefu sikutaka kuigusa kazi hiyo. Nilipoiuza ile mashine ya taa na kuanza kuweka akiba upya, mke wangu ndiye aliyenipa kipimo ambacho hakuna muuzaji aliyewahi kunipa. Alisema, "Kila kifaa utakachotaka kununua, nijibu kwanza: umeme ukikatika sasa hivi, tutapoteza nini?" Nilichagua vifaa vyangu vyote kwa swali hilo, na sasa nakupa wewe hesabu niliyoifanya.

Kwanza, mwili wa mashine. Niliacha vioo na taa, nikatafuta kompyuta ya mtumba iliyotoka ofisini, za aina ya Dell OptiPlex au HP EliteDesk. Nilichagua kasha refu badala ya lile jembamba, kwa kuwa kasha refu lina nafasi ya kuongeza diski. Ila tahadhari: mashine nyingi za ofisini zina kisambaza umeme kidogo chenye plagi zake za pekee. Usinunue kadi kubwa ya picha kabla hujafungua kasha na kuhakikisha kwamba itapata umeme wa kutosha.

Pili, kichakataji, ambacho mafundi hukiita prosesa. Nilisisitiza Intel ya kizazi cha nane, nikapata i5-8500 yenye viini sita. Kuanzia mwaka 2011, vichakataji vingi vya kampuni hiyo vimekuwa na sehemu maalumu ya kusoma na kuandika video, iitwayo Quick Sync, na kile cha kizazi cha nane husoma bila taabu hata video za HEVC zinazorekodiwa na simu nyingi. Hivyo niliweza kuanza kazi bila kadi ya picha. Ukiona herufi F mwishoni mwa jina la kichakataji cha Intel, ujue sehemu hiyo haimo. Tena kizazi hicho hukubali Windows 11, jambo lililonifaa baadaye, kwani tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida.

Tatu, kumbukumbu ya kazi, yaani ramu. GB 8 hutosha barua za ofisi. Video hutaka GB 16. Niliweka vipande viwili vya GB 8, maana viwili hufanya kazi sambamba, na kipande kimoja peke yake hupunguza mwendo.

Nne, diski, na hapa ndipo nilipokuwa nimepotea. Mfumo na programu niliviweka kwenye SSD, diski isiyo na kisahani kinachozunguka. Hata ile ya bei nafuu husoma karibu megabaiti 500 kwa sekunde, ilhali diski izungukayo haifiki nusu yake. Kisha nilinunua diski mbili kubwa za TB 2, mpya kabisa. Mashine yaweza kuwa ya mtumba, bali diski inayobeba kazi ya watu isiwe ya mtumba. Fanya hesabu mwenyewe: kamera inayorekodi megabiti 50 kwa sekunde hujaza GB 22.5 kwa saa moja. Kamera mbili kwa saa sita ni GB 270. Na hiyo ni arusi moja tu.

Tano, betri ya akiba, ambayo mafundi huiita UPS. Kwa miaka mingi mkoa wetu ulitegemea umeme uliovuka mpaka kutoka Masaka, Uganda, na kila mkazi amezoea kiza cha ghafula. Betri hiyo haikupi usiku mzima wa kazi. Hukupa dakika chache za kuhifadhi faili na kuizima mashine kwa heshima. Dakika hizo ndizo nilizozikosa Jumatano ile. Radi ikianza kunguruma, hata betri isikudanganye: zima, chomoa waya ukutani, nenda kalale.

Programu hazikunigharimu kitu. Kdenlive na Shotcut ni za bure, na zote mbili hutengeneza nakala nyepesi za video ambazo huhaririwa kwa urahisi, kisha mwishoni programu hurudia zile picha kamili. Kwa njia hiyo mashine ndogo hufanya kazi ya mashine kubwa, mradi mwenyewe awe na subira.

Nilipojumlisha, fedha zote hazikuvuka milioni moja na laki mbili, kiasi kile kile nilichotumia mara ya kwanza. Tofauti ni kwamba safari hii karibu nusu yake ilikwenda kwenye diski na betri, vitu ambavyo hakuna mtoto wa jirani atakayekuja usiku kuvitazama.

Liko jambo moja zaidi, nalo halinunuliwi. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, la ukubwa wa 5.9, lilitufundisha wakazi wa Bukoba kwamba nyumba ni udongo tu. Nakala mbili zilizo chini ya paa moja ni sawa na nakala moja. Basi mimi sifuti kadi hata moja kabla kazi haijakaa katika diski zote mbili, na kila ninapokwenda Muleba kumsalimu mama, diski ya pili huenda nami kwenye mfuko mmoja na sukari na sabuni. Mama huihifadhi ndani ya bati la biskuti, juu ya kabati, mbali na unyevu. Hajui kilichomo, ila hamruhusu mjukuu yeyote kuligusa.

Mwaka jana mzee wa Kamachumu aliniita nikarekodi ubatizo wa kitukuu cha bibi yule. Nilikwenda, wala sikudai malipo. Kabla ya ibada nilimwomba mzee aketi barazani aniambie majina ya wale wanawake, jinsi mama yake alivyoyataja. Alikumbuka manne. Alijaribu kulitafuta la tano, akafumba macho kwa muda mrefu, kisha akatikisa kichwa.

Majina hayo manne yamo katika diski mbili, moja Bukoba na moja Muleba. Nawe, ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwenu yupo mzee anayeyajua majina, usingoje kompyuta. Mrekodi leo kwa simu uliyo nayo, kisha nakala ya pili ipeleke kwa ndugu yako aishiye mbali.