Usimfiche Mwenzako

Hapa Kidahwe hatuna kiwanja cha tenisi. Vijana wa kiume wana mpira wa miguu, mabinti wana netiboli, na kila kundi lina uwanja wake na saa yake. Hata kanisani kwetu, ukiingia Jumapili utakuta akina baba wamekaa upande wao na akina mama upande wao. Tumelelewa hivyo, wala silaumu. Lakini napenda kuwaeleza, wapendwa, habari za mashindano fulani ya tenisi ambayo Mungu aliyatumia kunifundisha juu ya ndoa yangu na juu ya kanisa, ingawa mimi mwenyewe sijawahi kushika raketi.

Mashindano hayo yaliitwa Hopman Cup, kwa jina la Harry Hopman, kocha wa zamani wa Australia. Yalianza mwaka 1989 katika mji wa Perth, yakawa yanachezwa huko kila mwaka unapoanza hadi 2019. Mwaka 2023 yalichezwa tena, safari hiyo katika mji wa Nice, Ufaransa. Kila nchi ilileta watu wawili tu, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Mwanamke alicheza na mwanamke, mwanamume akacheza na mwanamume, kisha wote wanne wakaingia uwanjani pamoja, wawili upande huu wa wavu na wawili upande ule. Ushindi wa mwanamke ulihesabiwa sawasawa na ushindi wa mwanamume. Mchezaji hakupata pale alama za kumpandisha katika orodha ya ubora wa dunia, na hata hivyo walio hodari kabisa walikwenda. Mwaka 2000 kombe lilikuja Afrika, pale Amanda Coetzer na Wayne Ferreira wa Afrika Kusini walipolitwaa.

Aliyenionyesha mchezo huo ni mtoto wa mdogo wangu, aliyekuja kukaa nasi baada ya mume wangu kupigwa na kiharusi. Jioni, kazi zikiisha na bando likiwepo, aliniita, "Mama mkubwa, njoo uone hii." Ilikuwa mechi ya tarehe 1 Januari 2019, Uswisi na Marekani. Uswisi iliwaleta Roger Federer na Belinda Bencic. Marekani iliwaleta Serena Williams na Frances Tiafoe, kijana ambaye wazazi wake walitoka Sierra Leone. Federer alimshinda Tiafoe, Serena akamshinda Bencic, ikawa moja kwa moja. Kilichobaki ni mchezo wa wawili wawili, nao ndio ulioamua. Uswisi ilishinda kwa seti mbili, 4–2 na 4–3.

Watu walijaa uwanjani kwa ajili ya Federer na Serena, kwa kuwa wakubwa hao wawili hawakuwa wamewahi kukutana uwanjani. Mimi nilijikuta nawatazama wale wengine wawili. Nilimwuliza kijana, "Kwa nini Federer asipige mipira yote, kama yeye ndiye bingwa?" Akacheka, akanieleza sheria.

Kuanzisha mpira ni kwa zamu. Wote wanne wanapokezana, na hodari hawezi kuanzisha kwa niaba ya mwenzake. Kupokea nako kuna utaratibu, kila mtu na upande wake. Tena katika mchezo huu wa mchanganyiko, alama zikilingana ikabaki pointi moja ya kuamua, akianzisha mwanamume anapokea mwanamume, na akianzisha mwanamke anapokea mwanamke. Kwa hiyo, saa ile ile ambayo ungetamani kumweka nyuma yule unayemwona dhaifu, sheria inamtaka asimame mbele. Huwezi kumficha mwenzako.

Akaniambia na jambo la pili. Wapinzani wakimwona mmoja ni mnyonge, humwelekezea yeye mipira. Hapo yule mwenye nguvu hushawishika kukimbilia upande wa mwenzake na kupiga kila kitu. Akifanya hivyo anaacha upande wake wazi, na mwenzake naye anapoa, hajui tena kama yumo mchezoni.

Niliposikia hayo nilinyamaza, kwa maana yalikuwa yanatokea nyumbani kwetu.

Kiharusi kilimchukua mume wangu mkono wa kulia, na maneno yake yakawa mazito. Anaelewa kila kitu, lakini neno moja linaweza kumchukua muda ambao mtu mwingine angekuwa ameshamaliza habari nzima. Wageni walianza kuzungumza juu yake mbele yake, kama vile hayupo. Shemeji zangu walikuja wakasema kwa upendo kwamba sasa mambo ya shamba wayashike wao. Wanawake wenzangu nao, kwa upendo vilevile, wakanitia moyo: "Wewe sasa ndiye baba, ndiye mama." Makundi hayo mawili hayakukubaliana ni nani achukue nafasi yake. Yalikubaliana kwamba nafasi yake iko wazi.

Kisha akaja mnunuzi. Tuna kipande cha michikichi karibu na barabara ya lami iendayo Kasulu, na tangu lami ifike ardhi ya kandokando yake inatafutwa. Fedha tulizihitaji kweli, kwa dawa na kwa nauli ya kumpeleka Kigoma mazoezini. Shemeji mkubwa alinishauri, "Shemeji, maliza wewe. Ukimngoja huyu, mteja ataondoka."

Nilimjibu, "Shemeji, shamba hili tulilipanda wawili. Nitamngoja."

Jioni nikakaa naye kwenye mkeka, nikamweleza bei, nikamweleza deni letu, nikanyamaza. Kungoja ni kazi, wapendwa, anayedhani ni kukaa bure hajaijaribu. Maneno yalikuwa mdomoni mwangu, ningeweza kuyasema kwa ajili yake na yeye angeitikia kwa kichwa tu. Sikuyasema. Mwisho akatamka, "Nusu." Baadaye kidogo, "Ya chini ibaki. Ya watoto."

Mimi nilikuwa nimefikiria kuuza yote au kutouza kabisa. Nusu sikuifikiria. Mnunuzi alikubali sehemu ya juu, na ile ya chini bado tunavuna chikichi na kukamua mawese. Sisemi kwamba shida zimekwisha. Fedha ile inapungua, na mkono wake bado haujarudi. Lakini siku ile wageni wawili walimsalimia yeye kwanza.

Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba viungo vinavyodhaniwa kuwa dhaifu katika mwili ndivyo vinavyohitajika zaidi. Nilikuwa nikilisikia somo hilo kama maneno ya kuwafariji wanyonge. Sasa nalisoma kama utaratibu wa Mungu, kama ile zamu ya kuanzisha mpira. Mungu hakuweka viungo ili vyenye nguvu vifanye kazi ya vyote. Baraka alikataa kwenda vitani bila Debora, na Debora hakwenda peke yake akamwacha Baraka mlimani. Priskila na Akila walishona mahema pamoja, na pamoja wakamchukua Apolo wakamfundisha njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Maandiko yanawataja wawili hao pamoja kila mara.

Kwa hiyo nawauliza ninyi mnaosoma, kila mmoja katika kanisa lake: ni nani mnayemficha? Pengine ni mzee ambaye sala yake ni ndefu na sauti yake haisikiki, mkaacha kumwita aombe. Pengine ni binti mwenye neno la busara, lakini kikao ni cha akina baba. Pengine ni mume aliyepoteza kazi, na nyumba nzima sasa inaamua bila yeye. Kumfanyia mtu kila kitu huonekana kama huruma, na kwa siku chache za mwanzo ni huruma kweli. Ikizidi, inakuwa njia ya upole ya kumtoa uwanjani.

Si lazima tuvunje desturi zetu zote. Akina baba na wabaki upande wao wa benchi, na akina mama wetu. Ila tukiinuka kufanya kazi ya Bwana, tuinuke wote, kila mmoja kwa zamu yake, hata yule anayechelewa.

Mume wangu sasa anaongoza sala ya jioni nyumbani siku ya Jumatano. Sala yake ina maneno sita au saba. Watoto wamejifunza kutomsaidia kuyamaliza, na tukifika kwenye "Amina" tunaisema pamoja naye.