Dada Hayupo, Yuko Shule

Nikisema hapa chuoni kwamba mdogo wangu wa kike alisomea nyumbani karibu nusu ya shule ya msingi, watu wananitazama mara mbili. Wanachofikiria ni watoto wa Masaki: mwalimu anakuja na laptopu, bembea uani, mtaala wa Uingereza. Sisi tunakaa Igogo, Mwanza, kule juu kwenye mawe, ambako bodaboda anakushusha chini na kukuambia, "Kuanzia hapa malizia mwenyewe." Mwalimu mkuu wa shule yetu alikuwa Mama, aliyeishia darasa la saba na anayeuza dagaa.

Huyo mdogo wangu kila mtu nyumbani anamwita Dada, hata mimi niliyemzidi miaka mitano. Ana sikoseli. Kwenye vitabu inaitwa selimundu, kwa sababu chembe nyekundu za damu zinajipinda zikawa na umbo la mundu. Chembe ya kawaida inaishi siku kama 120. Za kwake zinakufa ndani ya siku 10 hadi 20, kwa hiyo damu inapungua kila mara. Zilizojipinda zinakwama kwenye mishipa midogo, na hapo maumivu yanaanza: magoti, mgongo, kifua. Baba na Mama kila mmoja amebeba kinasaba hicho bila kuumwa, na kwa wazazi wa aina hiyo kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa kupata mtoto mwenye ugonjwa. Tumezaliwa watatu, ikamwangukia yeye. Kanda ya Ziwa familia kama yetu ni nyingi. Siku ya kliniki pale Bugando unasalimiana na watu mpaka unadhani ni kikao cha ukoo.

Sasa, shule mnaijua. Namba za asubuhi, kufagia uwanja umande haujakauka, kidumu cha maji mkononi, mstarini mnasimama mpaka miguu inakufa ganzi. Mtu mwenye sikoseli anatakiwa akwepe baridi na uchovu, na anywe maji mengi. Anayekunywa maji mengi anaomba ruhusa ya chooni kila saa, na darasa lina watoto zaidi ya 100 na mwalimu mmoja. Hapo hata mwalimu mwenye huruma anachoka. Mwaka 2017, akiwa darasa la tatu, Dada alikosa siku nyingi mpaka akarudia. Mwaka uliofuata akajikuta darasa moja na kitindamimba wetu, mvulana anayemfuata kwa mwaka mmoja.

Mwalimu mmoja akamwambia Mama, kwa nia njema kabisa, "Huyu mtoto, mama, muache tu apumzike nyumbani." Mama alirudi bila kusema neno. Usiku, tukiwa tunakula, ndipo akauliza, kama vile anamuuliza ugali, "Apumzike mpaka lini?"

Hatukumtoa shule. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka kila mtoto aliyefikisha miaka saba aandikishwe, na Mama hakutaka jina la mwanawe lifutwe kwenye rejista. Makubaliano na mwalimu wa darasa yakawa hivi: siku anazoweza, anakuja, mitihani anafanyia hukohuko, siku nyingine zote anasoma nyumbani, na kitindamimba anabeba kazi za darasani kwenda na kurudi.

Kwenye karatasi ni rahisi. Tatizo likawa maharage.

Mtoto akiwa nyumbani saa nne asubuhi, dunia nzima inamwona ana nafasi. "Dada, niangalizie maharage." "Dada, nishikie huyu mtoto, naenda hapo tu." "Dada, kuna mtu analeta mkaa, mpokelee." Jirani mmoja alikuwa anamletea mtoto wake kila asubuhi kana kwamba tumefungua chekechea. Hakuna aliyekuwa na roho mbaya. Huo ndio ujirani wetu: mtu akiwepo, anatumwa. Wiki mbili za kwanza Dada alisoma ukurasa mmoja na nusu wa kitabu cha Sayansi, lakini maharage hayakuungua hata siku moja.

Ndipo nikaelewa kitu ambacho sikuwahi kukifikiria nilipokuwa nalalamikia shule. Pamoja na viboko na namba, shule inakupa saa kadhaa ambazo hakuna anayeweza kukutuma. Uzio wake si wa kukuzuia wewe usitoke tu, unazuia pia kazi za nyumbani zisikufuate. Ukimleta mtoto kusomea nyumbani, vitabu unaweza kuazima. Uzio lazima ujenge mwenyewe.

Mama akajenga wa kwake kwa maneno. Akatangaza kwamba kuanzia saa tatu na nusu asubuhi mpaka saa sita na nusu, Dada yuko shule. Mtu akipiga hodi na kuuliza, "Dada yupo?" jibu ni, "Hayupo, yuko shule." Na huyo Dada unamwona, kaketi barazani, sweta mwilini, daftari mapajani, miguu juu ya kigoda. Watu walicheka sana. Yule jirani alisimama na mtoto mgongoni, akamtazama Dada, akamtazama Mama, akasema, "Si huyo hapo jamani?" Mama akamjibu bila kupepesa, "Akirudi nitamwambia ulikuja." Ilichukua kama mwezi. Baadaye wenyewe wakawa wanaulizana njiani, "Saa hizi Dada ameshatoka shule?"

Ratiba ilianza saa tatu na nusu kwa sababu mbili. Ya kwanza, jua linakuwa limepasha baraza. Ya pili, saa kumi na moja alfajiri Mama anakwenda Mwaloni, Kirumba, kuchukua dagaa, na mpaka apange biashara yake chini ya mlima na kumwachia mwenzake, ni saa tatu. Kengele yetu ilikuwa chupa ya maji ya lita moja na nusu. Baba, ambaye ni seremala, aliichora mistari mitatu kwa kalamu yake ya kuwekea alama mbao. Maji yakifika mstari wa kwanza, Hisabati imekwisha, mapumziko. Mstari wa pili, Kiswahili. Mstari wa tatu, Sayansi. Dada akitaka vipindi viende haraka anakunywa haraka, na daktari anafurahi.

Mama hakujua kufundisha, lakini alijua kuuliza. Alikuwa anachambua dagaa na kutoa mawe, huku anasema, "Haya, nieleze." Dada akieleza usanisinuru, Mama anauliza, "Sasa usiku mti unakula nini?" Kama jibu halipo kitabuni, swali linaandikwa pembeni, kitindamimba analipeleka shule kesho yake. Daftari la wadeni wa Mama likawa la Dada pia. Asilimia alizielewa kwa kupigia hesabu nani amelipa robo na nani anakwepa kupita mbele ya meza yetu.

Ila mzigo mkubwa ulikuwa kwa kitindamimba, na hilo watu wanaosifia kusomea nyumbani huwa hawalisemi. Alikuwa na miaka minane. Anatoka shule na vitu viwili: kilichoandikwa ubaoni, na alichosema mwalimu. Cha kwanza unanakili. Cha pili lazima ukielewe, maana Dada anauliza maswali kama Mama. Akinakili vibaya, dada yake anakosa. Asiposikiliza darasani, wawili wamekosa. Na akimaliza hapo, ndoo za maji zinamngoja, kwa sababu Dada hawezi kubeba ndoo kupanda yale mawe. Kila kitu ambacho Dada hakutumwa, alitumwa yeye.

Jioni moja aliweka daftari chini, akasema, "Na mimi nikiumwa, nani ataniandikia?" Hakulia wala hakupandisha sauti. Kwa kawaida kwetu mtoto akisema vile anaambiwa ana wivu kwa mgonjwa. Baba aliacha kula. Akamwambia, "Swali lako ni la haki." Kuanzia wiki ile maji ya jioni yakawa yangu na ya Baba, na Jumamosi ikawa siku ambayo kitindamimba naye "hayupo." Anapokuwa hakuna anayemuuliza. Nilimwona mara kadhaa yuko chini uwanjani anacheza mpira, mtu akimtafuta nyumbani Mama anajibu palepale, "Hayupo, yuko shule." Uzio ulikuwa umepanuliwa.

Kulikuwa pia na siku ambazo hakuna shule ya aina yoyote. Maumivu yakija, hata shuka linamuumiza. Anapewa dawa, anakunywa maji, anafunikwa apate joto, na yakizidi tunambeba kwenda hospitali. Wiki nzima chupa inakaa barazani tupu. Akirudi, Mama haanzi kwa kumkimbiza. Anauliza, "Tuliishia wapi?" Hilo neno "tuliishia" lilinigusa kila mara. Darasani wenzako wanaendelea bila wewe, ukirudi unakuta umeachwa. Nyumbani wote walikuwa wamesimama palepale ulipoanguka.

Halafu ikaja Machi 2020. Korona, shule zikafungwa nchi nzima, na za msingi hazikufunguliwa mpaka tarehe 29 Juni. Ghafla kila nyumba ya Igogo ikawa na watoto saa nne asubuhi, na kila mama akawa na wa kutuma. Yule jirani wa mtoto mgongoni alikuja, safari hii mikono mitupu. Akasimama mbali kidogo, kama tulivyokuwa tunaelekezwa siku zile, akauliza, "Mama Dada, nyie huwa mnafanyaje?" Mama hakumhutubia. Alimwambia, "Maharage chemsha jioni."

Mwaka 2022 wote wawili walifanya mtihani wa darasa la saba na wote wakachaguliwa, shule moja ya kata. Mimi nilikuwa naanza kidato cha tano mbali na nyumbani, habari nikazipata kwa simu. Nilidhani kazi imekwisha. Kumbe sekondari ina ukuta mwingine, nao mnaujua: Kiingereza. Mama aliyekuwa anauliza kuhusu mti unaokula usiku, sasa anasomewa sentensi ambazo hazijui kabisa. Wiki chache za kidato cha kwanza alinyamaza. Kisha akarudi kwenye dagaa zake na sharti jipya: "Someni kwa lugha yao, mnieleze kwa yangu." Na hapo ndipo uongo wote unapojulikana. Unaweza kukariri ukurasa mzima wa Baiolojia kwa Kiingereza ukapata hata alama. Mweleze Mama ule ukurasa kwa Kiswahili, kama hukuuelewa utakwama mstari wa pili.

Nimelileta sharti hilo huku chuoni, na niwaambie ukweli, linatisha. Tunagawana madesa kwenye makundi ya simu, kurasa 80 usiku wa kuamkia test, na mtu anapata B bila kuweza kumweleza mtu yeyote alichoandika. Mwenzetu akiumwa wiki moja hosteli, tunampigia picha daftari tunamtumia, tunaona tumemsaidia. Kitindamimba wetu alijua tangu ana miaka minane kwamba picha ya ubao ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kukaa chini na mtu, ukamweleza, naye akakuuliza.

Sasa wako kidato cha tatu. Mwezi uliopita Dada alilazwa siku sita. Alipotoka, kitindamimba alinipigia usiku, sauti ya mtu mwenye deni. Darasani wamefika kwenye umeme, na mwalimu amesema ukiongeza kikwazo cha pili sambamba na cha kwanza, ukinzani wote unapungua. "Inawezekanaje uongeze kizuizi halafu njia iwe rahisi? Mimi sijaelewa, na kama sijaelewa, Dada naye hatapata."

Mimi nasoma uhasibu. Nikamgongea jirani yangu wa chumba cha pili, anasoma uhandisi, alikuwa anafua. Akaja na mikono ina povu, nikaweka simu spika juu ya kitanda. Akawauliza nyumbani kwao kukoje. Wakamwambia ni juu, kwenye mawe, na njia ya kupandia ni moja. Akasema, "Basi fikiria mnachonga njia ya pili pembeni. Hiyo ya pili ina mawe vilevile, ngumu vilevile. Lakini watu wanaofika juu kwa saa moja wanaongezeka au wanapungua?"

Kimya. Halafu nikasikia sauti ya Dada kwa mbali, bado nzito ya wodini: "Wanaongezeka." Na nyuma yake Mama, "Nani anaongezeka? Hebu nieleze." Akaanza kumweleza, bando likakata katikati.

Mtihani wa kidato cha nne ni mwakani. Kesho yake, kabla bumu halijaisha, niliweka bando la mwezi.